Majoka au Ngumi: Ya Usiku Mmoja na ya Mwezi Mzima

Vijana wa maskani hapa Chake Chake wana swali moja lisilochoka: "Nipakie ipi?" Flashi iko mkononi, duka la kupakia filamu halipo mbali, na muuzaji ana orodha ya majina ambayo hata yeye hajaimaliza kuisoma. Kabla sijamjibu mtu namuuliza mawili. Una usiku mmoja au una mwezi? Na unaangalia na nani? Maana anayeangalia chumbani kwa simu na anayeangalia ukumbini, mama mkwe kakaa kochi la mbele na watoto wa skuli wamejaa mkekani, hao hawawezi kupewa kitu kimoja.

Kuna la tatu ambalo watu hawaliulizi, nami ndilo ninaloliamini kuliko hayo mawili: hadithi ilikuwa imekwisha kabla kamera haijawashwa? Kwa filamu za mapigano halina uzito. Steringi ana kisasi chake, maadui wamejipanga, na sote tunajua nani atabaki amesimama. Tunachokaa kutazama ni atafikaje hapo. Hadithi za majoka, pete na falme zisizokuwepo kwenye ramani ni jambo jingine. Zinakutaka uuamini ulimwengu mzima, ukariri majina ya koo na miji, usubiri. Ukishasubiri saa sabini halafu ukagundua msimulizi naye alikuwa akipapasa njia kama wewe, hasira yake haipoi haraka. Waulize waliomaliza Game of Thrones.

The Lord of the Rings na Game of Thrones

Hizi mbili ndizo zinazoshindanishwa kila baraza, na zinastahili. Zote zina wafalme, mapanga, viumbe vya kutisha na maiti wasiotulia, na zote zimetoka vitabuni. Tofauti inaanzia hapo hapo kwenye vitabu. The Lord of the Rings, kazi ya J.R.R. Tolkien, ilitoka kati ya 1954 na 1955, ikiwa na mwanzo na mwisho. Mwongozaji Peter Jackson alipoanza kupiga picha New Zealand mwaka 1999, alizipiga filamu zote tatu kwa mkupuo, kazi iliyochukua zaidi ya mwaka mzima, kisha zikatolewa moja moja mwaka 2001, 2002 na 2003. Ndiyo maana ukizitazama mfululizo huoni mshono. Neno dogo la huruma linalosemwa kwenye filamu ya kwanza, gizani, ndani ya pango, ndilo linaloamua kila kitu mwisho wa ya tatu. Hiyo ya tatu iligombea tuzo 11 za Oscar ikazibeba zote 11.

Game of Thrones ilianza HBO Aprili 2011 ikiwa na vitabu vinne vya George R.R. Martin nyuma yake. Cha tano kikatoka Julai mwaka huo huo. Cha sita wasomaji wanakisubiri hadi leo. Televisheni haingoji mwandishi, kwa hiyo tamthilia ikakimbia, ikavifikia vitabu, ikavipita.

Misimu minne ya kwanza sijaona mfano wake. Watu wawili wanazungumza chumbani, wamekaa, wanakunywa, na wewe unaogopa kuliko ungeogopa vitani, kwa sababu unajua neno moja likienda upande litakata kichwa cha mtu. Anayedhaniwa steringi anauawa mapema na hakuna anayetokea dirishani kumwokoa. Mtazamaji aliyezoea picha za steringi hafi anapigwa na butwaa, na kutoka hapo hamwamini tena mtunzi, anakaa wima. Huo ndio utamu wake.

Halafu vitabu vinakwisha. Safari iliyokuwa ikichukua msimu mzima sasa inachukua dakika tano. Wajanja tuliowaheshimu wanafanya upumbavu kwa sababu tu hadithi inataka wafike mahali fulani kwa wakati. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukapewa 7, wa nane 6. Yaani palipokuwa na mengi zaidi ya kufunga, ndipo nafasi ilipopunguzwa. Jumla ni sehemu 73, na mimi humwambia mtu aangalie zote, lakini ajue mapema kwamba nyumba hii imejengwa na fundi mmoja na kuezekwa na mwingine.

Kuna na suala la macho. Vita vikubwa vya usiku vya msimu wa nane vilipigwa picha kwa usiku 55, na vilipotoka watazamaji dunia nzima walilalamika kwamba hawaoni kitu. Kwa simu, mchana, dirisha likiwa wazi, utaona vivuli vikikimbizana. Zima taa, funga pazia, au kubali hasara. Vita ninavyovipendekeza ni vya msimu wa sita, sehemu ya 9: mchana, matope, farasi, na kila wakati unajua nani yuko wapi na kwa nini anakaribia kufa.

Na ukumbini? Hapana. Usijaribu. Uchi na matusi vimo tangu msimu wa kwanza, tena bila dalili ya kukutahadharisha, na kidhibiti kinapotakiwa kwa haraka huwa kiko chini ya mto wa kochi. The Lord of the Rings haina jambo hilo hata kidogo. Kuna vita na viumbe wabaya wa sura, mtoto mdogo sana ataota usiku, basi.

Masharti

Watu wa kisiwa hiki hawahitaji kushawishiwa kwamba kuna visivyoonekana. Pemba ya mwaka 1995, ambako familia zililala nje kwa makundi kwa hofu ya popobawa, haitashtushwa na joka la kompyuta. Tunachouliza sisi ni masharti. Katika hadithi za bibi, baada ya paukwa na pakawa, jini hampi mtu mali bure: usifungue chumba cha saba, usile bila kumwita, usimwambie mkeo. Sharti likivunjwa, mali inaondoka. Hadithi inasimama juu ya sharti hilo.

Ukishika kipimo hiki utashangaa jinsi kinavyochuja. Katika The Lord of the Rings pete ina nguvu, lakini inamla anayeivaa, na inamla polepole mbele ya macho yako. Mchawi mkuu mwenye ndevu nyeupe karibu hafanyi uchawi. Anatoa taa, anavunja daraja, zaidi anashauri watu. Kwa hiyo siku anapotumia nguvu zake unaelewa kwamba mambo yamekuwa mazito. Game of Thrones ya mwanzo nayo ilikuwa hivyo: anayetaka kufufua au kuua kwa nguvu za giza analipa kwa damu, mara nyingi damu ya mtu asiye na hatia. Filamu inayompa steringi nguvu mpya kila anapobanwa, bila gharama, mimi huiacha katikati nikaenda kunywa kahawa.

Watoto wao: House of the Dragon na The Rings of Power

Zote zilitoka mwaka 2022, zote zinasimulia yaliyotokea kabla ya hizo mbili kubwa. Hapa mizani inageuka.

House of the Dragon imejengwa juu ya kitabu cha Martin kilichotoka 2018, na vita vya ndugu inavyovisimulia, ukoo mmoja wenye majoka ukiteketezana kwa ajili ya kiti, vimeandikwa humo tangu chanzo hadi hatima. Watunzi wanajua wanakokwenda. Msimu wa kwanza, sehemu 10, unaruka miaka mingi, na katikati waigizaji wa mabinti wawili wakuu wanabadilishwa kwa wakubwa. Usishangae sehemu ya 6 ukaona sura mpya, ni watu wale wale. Msimu wa pili, wa 2024, una sehemu 8 na unakatika pale pale vita vinapotaka kuwaka. Hilo linaudhi. Hata hivyo ugomvi wenyewe sisi tunauelewa bila mkalimani: mirathi, mke wa pili, watoto wa mama mbalimbali, na wazee wa baraza wanaochochea huku wakijifanya kupatanisha. Nayo pia si ya ukumbini.

The Rings of Power ina fedha nyingi na uzuri wa kupindukia. Bahari, minara, nguo, kila fremu ungeweza kuitundika ukutani. Tatizo ni kwamba Amazon walipata haki ya kutumia viambatisho vya vitabu vya Tolkien, ambavyo kwa sehemu kubwa ni orodha ya miaka na matukio, si hadithi yenye watu wanaozungumza. Watunzi walioachiwa kuijaza nafasi hiyo wamejaza kwa mafumbo: huyu nani, yule nani, nani amejificha. Ni pilau inayonukia hadi mtaa wa tatu, kufunua sinia ni wali mweupe. Msimu wa pili umekaza kidogo, hasa kwa mhunzi anayedanganywa taratibu na shetani mwenye maneno matamu. Sehemu zile ni nzuri kweli. Inafaa kwa familia. Kama una watoto wa miaka kumi na kuendelea na hutaki kushika kidhibiti muda wote, chagua hii, na usiitafutie makubwa.

Nimesema hadithi iliyokwisha ni salama, lakini kuna tahadhari. The Witcher ya Netflix, iliyoanza 2019, ilikuwa na vitabu kamili vya Andrzej Sapkowski wa Poland mezani. Watunzi wakaviweka pembeni. Msimu wa kwanza unachanganya nyakati tatu bila kukwambia, halafu kadiri misimu inavyokwenda ndivyo hadithi inavyozidi kwenda kombo. Henry Cavill akaondoka baada ya msimu wa tatu, na wa nne, mwaka 2025, ukaja na Liam Hemsworth. Angalia msimu wa kwanza kwa ajili ya pigano la sokoni katika sehemu yake ya kwanza tu, linalopigwa kwa upanga kwa karibu dakika moja na linalofanya ujue huyu jamaa ni nani. Mengine kwa hiari yako.

Mtu anayetaka vita vya koo, lakini mama yupo

Huyu nampeleka Uturuki. Diriliş: Ertuğrul, iliyorushwa na TRT 1 kuanzia Desemba 2014 hadi Mei 2019, ina kila kinachomvuta mpenzi wa Game of Thrones: kabila linalohangaika na njaa, wasaliti ndani ya hema la chifu, majasusi, mapanga, farasi wanaokimbia kwelikweli. Haina uchi. Watu wanasali, wanawaheshimu wazee, anayekufa anatamka shahada. Mama mkwe ndiye atakayekukumbusha kwamba muda umefika.

Shida yake ni urefu. Sehemu 150, kila moja karibu saa mbili. Matoleo ya nje yamekatwakatwa vipande vifupi, hivyo idadi ya vipande utakayoiona ni kubwa zaidi ingawa hadithi ni hiyo hiyo. Kuna sehemu nzima mtu anatazamwa akitazama. Muziki unapanda, uso wa kwanza, uso wa pili, uso wa tatu, tunarudi kwa uso wa kwanza. Kwa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe mpaka daku, mwendo huo hausumbui hata kidogo. Kwa mtu anayefungua duka saa moja asubuhi ni adhabu. Na usiichukue kama somo la historia: yanayojulikana kwa hakika kuhusu Ertuğrul mwenyewe, baba yake Osman aliyeasisi dola ya Waothmani, ni machache mno, kwa hiyo mengi humo yametungwa.

Ngumi

Hapa naweza kwenda haraka, kwa kuwa filamu nzuri ya mapigano hujieleza. Kigezo changu ni kimoja: naiona miguu? Mwongozaji asiyewaamini wapiganaji wake huikata picha kila nusu sekunde, anatikisa kamera, na wewe unasikia vishindo bila kujua nani kampiga nani. Anayewaamini anaiacha kamera itulie ionekane miili mizima.

The Raid, ya Indonesia, 2011, iko juu ya zote. Kikosi cha polisi kinaingia kwenye jengo la ghorofa mjini Jakarta, bosi wa wahalifu yuko juu, milango inafungwa. Hiyo ndiyo hadithi yote. Iko Uwais na wenzake wanapigana kwa pencak silat, mchezo wa jadi wa kwao, na dakika 101 zinapita ukiwa umekunja ngumi. Mwongozaji ni Gareth Evans, mtu wa Wales. Ni ya damu. Watoto walale kwanza. Kuna ya pili, ya 2014, ndefu zaidi na yenye hadithi ya kimafia. Wengi huisifu kuliko ya kwanza. Mimi sikubaliani nao.

John Wick ya kwanza, 2014, nayo ni dakika 101, na kisa chake ni mtu aliyeuliwa mbwa aliyeachiwa na marehemu mkewe. Hapa kwetu kuna wanaocheka kwamba watu wote wale wamekufa kwa sababu ya mbwa. Basi angalia tena, kinacholipizwa pale ni msiba wa mke. Chad Stahelski, aliyeiongoza, ndiye aliyekuwa akicheza vipande vya hatari badala ya Keanu Reeves katika The Matrix, na inaonekana: Keanu anaachwa apigane mwenyewe, mwili mzima kwenye fremu. Zilizofuata, 2017, 2019 na 2023, zinazidi kuwa kubwa na ndefu. Ya nne inakaribia saa tatu, na pigano la ngazi ndefu za Paris ndani yake linachekesha na kuchosha kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi kulifanya. Mwenye usiku mmoja: ya kwanza. Mwenye Jumamosi na Jumapili: zote nne.

Mad Max: Fury Road ya 2015 ni kufukuzana kwa magari jangwani kwa saa mbili, karibu bila maneno, sehemu kubwa ikiwa imepigwa Namibia kwa magari ya kweli. Ilichukua Oscar 6. Asiyejua Kiingereza hata neno moja hapotezi kitu hapa, na kwa hiyo ndiyo ninayoiweka kwanza kunapokuwa na wageni wa umri mchanganyiko ukumbini.

RRR na Black Panther

Visiwa hivi vimelelewa na picha za Kihindi. Waulize waliokuwa wakienda sinema ya Majestic pale Vuga, Unguja, enzi hizo. Kwa hiyo RRR ya 2022 haikuhitaji utangulizi hapa. Kwa asili lugha yake si Kihindi, ni Kitelugu cha kusini mwa India, imeongozwa na S.S. Rajamouli yule yule wa Baahubali, na inazidi saa tatu. Marafiki wawili, ukoloni wa Mwingereza, nyoyo zilizogawanyika, na wimbo wa Naatu Naatu uliochukua Oscar mwaka 2023, ambao ngoma yake ilichezwa mbele ya ikulu mjini Kyiv.

Ukiiweka pembeni ya Black Panther ya 2018 unaona jambo la ajabu kidogo. Zote mbili zimejaa kompyuta. Wanyama wa RRR wanaonekana wazi kwamba si wanyama. Lakini moyo unadunda, kwa sababu wakati simbamarara anaruka tunakuwa tumeshawajua wale watu wawili, tumekula nao, tumeimba nao. Black Panther ina wazo kubwa zaidi, ina adui mwenye hoja ambayo hata ukimchukia huwezi kumjibu, ina mavazi na lugha ya Kixhosa masikioni mwetu. Kisha pambano la mwisho, chini ya ardhi, linakuwa vikaragosi viwili vyeusi vikigongana. Kwa mazungumzo ya baadaye kibarazani chukua Black Panther. Kwa usiku wenyewe chukua RRR, na uhakikishe umeme haujaanza kuchezacheza.

Kabla hujalipa dukani

Nakala zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kwa mtindo uliopata jina kwa watu kama Lufufu, nazipenda kwa ngumi na kwa picha za Kihindi. Msimulizi hodari anaongeza utani wake, anawabandika wahusika majina ya mtaani, na The Raid haipungui kitu. Game of Thrones na House of the Dragon usizichukue hivyo. Zinaishi kwa maneno, na msimulizi anapofupisha mazungumzo ya dakika nne kuwa "anamwambia wataonana" umeibiwa. Chukua yenye sauti ya asili na maandishi ya tafsiri chini.

Tazama pia urefu wa faili. The Lord of the Rings ina matoleo mawili: la sinema, ambalo filamu zote tatu kwa pamoja zinapita kidogo saa 9, na refu, linalopita saa 11. Maduka huchanganya, unapewa ya kwanza fupi na ya tatu ndefu. Ukiona filamu ya tatu imezidi saa 4, hiyo ndiyo ndefu. Ya sinema ni saa 3 na dakika 21. Kwa mara ya kwanza chukua ya sinema zote tatu. Ile ndefu ina nyimbo na maelezo ya safari ambayo asiyewajua watu wale bado hana haja nayo.